Siku Moja Katika Njia ya Canton

Barabara kuu iitwayo I-20 hutoka mji wa Dallas, katika jimbo la Texas huko Marekani, ikaelekea mashariki kati ya malisho ya ng'ombe na mashamba ya majani makavu. Kandokando ya njia hiyo yako masoko mawili yasiyofanana hata kidogo, na baina yao hapana zaidi ya maili 30. La kwanza ni duka la Buc-ee's lililoko Terrell. La pili ni gulio la mji mdogo wa Canton. Tulitoka Jumamosi moja baada ya sala ya Alfajiri, wazee, mabibi na vijana wa nyumba mbili, kwenda kuyatazama yote mawili. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu tuliyoyakuta, maana kwa Muislamu kuuza na kununua si mambo ya dunia peke yake.

Asiyeambiwa hatadhani ya kuwa Buc-ee's ni kituo cha petroli. Kazi hiyo ilianza mwaka 1982 upande wa kusini wa Texas, karibu na pwani, na alama yake ni biva, mnyama wa mitoni mwenye meno makubwa akataye miti na kujenga mabwawa. Siku hizi maduka yake yamekuwa makubwa kupita kiasi: lile la Luling, lililofunguliwa mwaka 2024, lina pampu 120 za petroli, na ukumbi wake ni futi za mraba 75,000, yaani karibu sawa na kiwanja kizima cha mpira. La Terrell ni dogo kuliko hilo, lakini vijana wetu walipotezana humo mara mbili. Malori makubwa ya magurudumu 18 hayaruhusiwi kuingia, ndiyo maana uwanja umejaa magari ya watu na watoto wao.

Vyoo vyake vinasifiwa nchi nzima, na sifa hiyo ni ya haki, maana wapo watumishi ambao kazi yao ni kuvisafisha tu mchana na usiku. Lakini humo mna karatasi, maji ya kustanji hamna. Msafiri Muislamu na achukue chupa yake.

Kilichotusimamisha zaidi si ukubwa wala usafi. Ni bango lililowekwa hadharani, limeandikwa kazi za dukani humo na ujira wa kila kazi kwa saa. Apitaye njia, hata asiyetafuta kazi, anajua mfagiaji anapata nini na meneja anapata nini. Mafakihi wetu wameandika tangu zamani kwamba katika sharti za ijara ni ujira ujulikane kabla kazi haijaanza. Nasi kwetu, tunapomwita kibarua wa kulima au binti wa kusaidia nyumbani, twamwambiaje? "Njoo tu, tutaelewana." Mwisho wa mwezi ndipo tunapoelewana, na mara nyingi anayeelewa ni mmoja tu.

Ndani, nyama ya ng'ombe iliyookwa kwa moshi hukatwa mbele ya macho ya watu, na wakataji hupaza sauti kila kipande kipya kinapowekwa juu ya ubao. Harufu yake, wallahi, ni mtihani. Lakini hatukujua imechinjwaje, na nyama ya nguruwe iko jirani yake. Bia nazo zimejaa katika majokofu. Mtoto wetu mdogo alichagua peremende laini zenye sura ya dubu. Dada yake akageuza pakiti, akasoma, akakuta jelatini, ambayo nchini humo mara nyingi hutokana na nguruwe. Akazirudisha bila kuamrishwa na mtu. Tukatoka na lozi zilizokaangwa kwa sukari, na kahawa, tukashika njia.

Gulio la Canton lina umri mkubwa. Katika miaka ya 1850 hakimu wa mzunguko alikuwa akifika mjini humo kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kusikiliza kesi. Wakulima walikuja kuona mashauri na kununua mahitaji yao, wakaanza kubadilishana farasi, mbwa wa kuwindia na mazao pale pale mbele ya mahakama. Watu walipozidi, mji ulinunua ardhi mwaka 1965 na kulihamisha gulio kutoka uwanja wa mahakama. Leo limeenea zaidi ya ekari mia. Jina limebaki "Jumatatu ya Kwanza," ingawa biashara ni kuanzia Alhamisi hadi Jumapili inayoitangulia Jumatatu hiyo. Atakayefika Jumatatu yenyewe atakuta watu wanafunga mizigo.

Vitu vyake havihesabiki: taa za mafuta, viatu vya ng'ombe, vyungu vya chuma, misumeno yenye kutu, vikombe visivyo na wenziwe. Bei haikuandikwa, au ikiandikwa ni ya kuanzia maneno. Mabibi zetu, ambao kule Terrell walikuwa kimya, hapa ndimi ziliwafunguka kana kwamba wako sokoni Kongowea.

Adhuhuri ilipoingia tulitafuta kivuli nyuma ya mahema. Kutoka Dallas hadi hapo ni kama maili 60, safari ya kukusuru kwa madhehebu yetu ya Shafii, tukakusanya Adhuhuri na Alasiri. Vijana walistaajabu kuona dira yaelekea kaskazini mashariki, ilhali Makka iko kusini zaidi ya Texas. Tukawaeleza kuwa dunia ni mviringo, na njia fupi hupanda kaskazini kwanza. Muuzaji wa jirani alipotuona tumesimama safu alizima redio yake, wala hakuiwasha mpaka tulipotoa salamu.

Mzee huyo huyo alikuwa na cherehani ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia. Mwenzetu mmoja aliipenda. Kabla hajauliza bei, mzee akaifunua, akaonyesha mpira wa kujazia uzi umekatika, na sindano moja tu ndiyo iliyobaki, kisha akasema kuna jino moja limelika na litakuwa na kelele. Hilo la jino hakuna miongoni mwetu ambaye angaliliona.

Sheria yetu inamlazimu muuzaji kuidhihirisha aibu ya bidhaa, na anayefichwa ana hiari ya kuirudisha. Tulikumbuka belo za mitumba zitokazo nchi hizo hizo kuja pwani yetu: mchuuzi anunua lililofungwa, alifungua akakuta nusu ni matambara, kisha naye analazimika kuyapitisha kwa mteja wake jioni, penye mwanga hafifu. Aibu imeshapita mikono mitatu wala hapana aliyeisema.

Mzee alitaka dola 60. Mwenzetu akasema 40. Wakaafikiana 50, wakapeana mikono, na mzee akaongeza chupa ndogo ya mafuta ya mashine bila kuombwa. Mpira mpya ulipatikana Dallas wiki ile ile. Jino lina kelele kama alivyosema.