Steringi Hafi

Sisi tuliokulia Mugumu sheria hii tuliijua kabla ya kujua jedwali la kuzidisha: steringi hafi. Pale kibanda umiza Rambo akiingia peke yake kambini kwa adui, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Atatoka, na mateka atatoka naye.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani na flashi yenye Rambo ya pili, ile ya mwaka 1985, iliyotafsiriwa Kiswahili. Babu akaja kuangalia. Rambo ametumwa Vietnam kupiga picha tu, yeye akamtoa mfungwa mmoja. Wanafika kilimani, helikopta inakuja, halafu mkubwa aliyewatuma anaamuru igeuke. Wanaachwa. Mimi nacheka maneno ya mtafsiri. Kugeuka, babu hayupo.

Nikamkuta nje kwenye kigoda.

"Babu, mbona umetoka? Huyu anawashinda wote."

"Najua. Wa kwenye muvi anashinda."

Babu alikuwa mgambo, akaenda Vita vya Kagera. Siku zote simulizi yake ilianzia daraja la Kyaka na kuishia Kampala, Aprili 1979, tena kwa vicheko. Siku hiyo akasimama Lukaya. Ni mwezi Machi, usiku, barabara imepita katikati ya kinamasi, na Walibya waliokuja kumsaidia Amin wanarusha makombora. Kila mtu akakimbilia kwake. Rafiki yake waliyetoka naye kijijini alipigwa mguuni. Babu alimsikia akimwita gizani.

"Nilirudi asubuhi," akasema. Basi. Hakuongeza, nami sikuuliza.

Mimi nasomea ualimu, somo langu Historia. Andalio langu la somo kuhusu vita hivyo lilipata alama nzuri: chanzo, matukio, matokeo. Yote sahihi. Ila nimeishi miaka 22 na mtu aliyekuwepo, na nilichowahi kumuuliza ni kama alimwona Amin.

Mwezi ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Kabla sijashika chaki, wanafunzi watarudi kwao na swali moja la kuwauliza wazee: nani alienda, na nani hakurudi? Nawe msomaji, uliza mapema. Waliokuwa vijana 1978 sasa ni wazee.

Jana babu alinipigia simu. Tuliongea mambo ya mvua na ng'ombe, kisha bila kuulizwa akanitajia jina la yule rafiki yake. Nimeliandika kwenye andalio la somo, juu kabisa, kabla ya chanzo.