Ukumbi Usio na Wimbo

Aghalabu msomaji wa fantasia ya kitendi akifika penye shairi hulivuka, akiharakia vita vilivyo mbele. Akifika penye maelezo ya jengo, huyaona kuwa mapambo tu. Msomaji wa namna hiyo akiishika The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien iliyochapishwa kati ya 1954 na 1955, hupoteza sehemu kubwa ya maana yake.

Tolkien alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford na mtaalamu wa Kiingereza cha Kale. Katika mhadhara wake wa 1936 kuhusu utendi wa Beowulf, alisimulia hekaya ya mtu aliyejenga mnara kwa mawe ya kale. Rafiki zake waliuangusha ili wachunguze asili ya mawe hayo, wasijue kwamba mwenyewe, akiwa kileleni, aliweza kuitazama bahari. Ndivyo wahakiki walivyoufanyia utendi ule: waliuchimbua wakitafuta historia, wakasahau kuusoma kama ushairi.

Wazo hilo linajitokeza tena Meduseld, ukumbi wa mfalme wa Rohan. Kabla ya kuingia, wasafiri hupita kati ya makaburi ya wafalme, na Aragorn huimba shairi linalouliza walikokwenda waliotangulia. Ndani, kitambaa kilichofumwa kinamwonyesha Eorl, shujaa wa kisasili cha ukoo huo. Kaburi limehifadhi mifupa, ukuta umehifadhi sura, nalo shairi limehifadhi sauti.

Swali la Aragorn si geni kwa mwanafunzi wa Kiswahili. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayatazama magofu ya Pate, ambako vidaka vilivyopambwa kwa vyombo vimekuwa viota vya ndege, na kuuliza walipo waliokuwa wenyeji. Hata hivyo, majibu yanatofautiana. Sayyid Abdalla anauonya moyo usihadaiwe na dunia. Tolkien anamwinua mfalme Théoden kutoka kitini, akatende yanayostahili kuimbwa.

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Mhakiki anayetenga kisasili, ushairi na usanifu wa majengo, kila kimoja katika sura yake ya tasnifu, anahesabu mawe. Avisome pamoja, apande mnara, naye aione bahari.