Mtoto Atalala Wapi?

Alhamisi ile niliamka saa kumi alfajiri nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mume wangu alinikuta jikoni nasugua sufuria. Hakuniuliza kitu. Alichukua kitambaa akaanza kufuta madirisha. Afisa ustawi wa jamii alikuwa anakuja kutuona saa nne. Nyumba yetu ni ya kupanga, huku Kimara, vyumba viwili na sebule, na asubuhi ile tuliisafisha kama watu wanaoikabidhi kwa mwenye nyumba.

Hatua za mwanzo tulikuwa tumezimaliza. Mwenyekiti wa mtaa alituandikia barua ya utambulisho, akatuuliza mara mbili kama tuna hakika, kisha akagonga mhuri. Ofisi ya ustawi ikatueleza yaliyobaki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mwombaji awe na umri unaozidi miaka 25, na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Mimi nina 27, mume wangu 31. Maombi yakipita kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, mtoto anakaa kwenu kwanza kwa malezi ya kambo, angalau miezi sita, ndipo shauri linakwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuasili. Lile neno kambo lilinikwaza kidogo. Katika hadithi zote nilizosimuliwa utotoni, mama wa kambo ndiye anayemnyima mtoto chakula.

Watu wanatuuliza kwa nini hatusubiri, bado vijana. Mimba mbili zimetoka, ya pili ikiwa na miezi mitano. Daktari hajasema haiwezekani. Amesema tunaweza kujaribu tena tukiwa tayari. Tulikaa na maneno hayo karibu mwaka mzima, na siku moja tukagundua kwamba tukizungumza usiku hatuzungumzii mimba. Tunamzungumzia mtoto. Vilikuwa vitu viwili tofauti, na sisi tulichokuwa tunakitaka ni kimoja.

Simu ngumu ilikuwa ya mama mkwe. Mume wangu aliweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Mama, tumeamua kuasili mtoto."

"Kuasi? Mnamwasi nani?"

Tulicheka. Yeye hakucheka. Mimi nasoma uzamili wa isimu, na kwa sekunde moja akili yangu ilikimbilia huko: maneno mawili yanayofanana masikioni lakini hayana undugu wowote. Mume wangu alimweleza taratibu. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikadhani simu imekatika.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "dada yako ana watoto wanne. Mchukueni yule mdogo, mkae naye. Damu yenu wenyewe. Makaratasi ya nini? Nani atawauliza?"

Hakusema kwa ubaya. Kwetu ndivyo watoto wanavyolelewa, na wengi wamekua vizuri hivyo. Mtoto anahama na begi lake kutoka nyumba moja ya ukoo kwenda nyingine, na ukoo unabeba. Lakini nilishindwa kumjibu, kwa sababu mtoto huyo ni mimi.

Mama yangu alifariki Iringa nikiwa na miaka saba. Baada ya matanga wakubwa walikaa kikao uani, sisi watoto tukiwa jikoni. Mjomba aliingia akasema, "Huyu nitaondoka naye." Kesho yake tulikuwa kwenye basi la Mbeya. Mjomba ni mtu mwema. Alinisomesha, alininunulia viatu vya shule kila Januari. Ila nyumba ilikuwa imejaa kabla sijafika, na kwa miaka minne nililala kwenye kochi la sebuleni. Kitanda changu kilianza pale mgeni wa mwisho alipoaga na televisheni ikazimwa. Nilijifunza kusoma nyuso za wageni: nani ataondoka mapema, nani atakaa mpaka saa sita. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nikahamia kwa mama mdogo, Dodoma. Huko nilipata kitanda, nikichangia na binti zake wawili, na nilipendwa. Kwenye fomu za shule, penye nafasi ya mzazi au mlezi, mwaka mmoja tuliandika jina la mjomba, mwaka mwingine la mama mdogo. Lililokuwepo karibu ndilo liliandikwa.

Sina kesi na mtu. Lakini mama mkwe aliposema "nani atawauliza," niliwaza kwamba kweli, hakuna aliyemuuliza mjomba. Na hakuna aliyeniuliza mimi.

Afisa alifika saa tano kasorobo. Mama wa makamo, ana faili kubwa na viatu vyenye vumbi la Kimara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo?"

Alikataa soda, akaomba maji. Kisha akaanza. Mshahara wa mume wangu, mkataba wa nyumba, magonjwa, madeni. Je, tunagombana, na tukigombana inakuwaje? Nikiwa maktaba naandika tasnifu, mtoto atabaki na nani? Wazazi wetu wanasemaje? Nikipata mimba baadaye, huyu tuliyemchukua itakuwaje? Alitazama jiko, alitazama choo, alisukuma dirisha la chumbani kuona kama linafungika.

Nilijibu kwa adabu, lakini ndani nilikuwa nachemka. Wenzangu wa shule wana watoto wawili au watatu, na hakuna aliyekwenda kusukuma madirisha yao. Hakuna anayemuuliza mjamzito ana deni kiasi gani. Nilihisi ninashtakiwa kwa kosa la kutozaa, na kwamba usafi wangu wote tangu saa kumi ulikuwa utetezi wa mtu ambaye hukumu yake imeshaandikwa.

Tukafika chumba cha pili. Ndicho ninachosomea: meza, kompyuta, vitabu vimepangwa sakafuni mpaka ukutani. Alisimama mlangoni, akatazama.

"Mama," alisema, "mtoto atalala wapi?"

Nilifungua mdomo nikakosa sauti. Halikuwa swali gumu. Jibu tulikuwa nalo, tulikuwa tumeshaulizia hata bei ya kitanda. Nilichokiona ni kochi lile la Mbeya na mto niliouficha nyuma yake kila asubuhi. Miaka ishirini imepita, na nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mzima akiuliza hivyo kuhusu mtoto kabla mtoto hajafika.

Mume wangu alijibu. "Hapa hapa. Meza itahamia sebuleni."

"Na vitabu?"

"Vyote."

Akaandika. Naikumbuka kalamu yake ikienda kwenye karatasi, akiandika kwamba katika nyumba hii kuna chumba cha mtoto. Hasira yangu haikuisha yote, na bado naamini baadhi ya maswali yangeweza kuulizwa kwa upole zaidi. Lakini tangu siku hiyo siwezi tena kuyaona maswali yale kama dharau kwangu. Hakuwa anauliza kwa niaba ya serikali tu. Alikuwa anauliza kwa niaba ya mtu ambaye bado hawezi kuja kukagua nyumba mwenyewe.

Nilimweleza mama mkwe habari hii, pamoja na ile ya kochi, ambayo sikuwahi kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Bado anasema damu ni damu. Ila wiki iliyopita alipiga simu kumsalimia mwanawe, na kabla ya kukata akauliza kama kitanda kimepatikana.

Faili letu liko njiani na hatujui litarudi lini wala na jibu gani. Meza tumeihamisha. Tasnifu sasa naiandikia sebuleni, na jioni wageni wakija nafunga kompyuta, nakaa nao, nasubiri waage. Safari hii nasubiri kwa hiari yangu.