Mkorogo wa Baba

Muuzaji wa duka la kemikali pale Kariakoo aliniangalia usoni, akashuka mikononi, akarudi usoni.

"Dada, haidrokwinoni ya nini?"

"Ya kusafishia picha."

Akacheka. "Haya, picha. Huu si mkorogo?"

Sikumlaumu. Haidrokwinoni ndiyo ileile iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi vya kuchubua ngozi, na sijui ni wateja wangapi wamewahi kumdanganya. Ilibidi nimwonyeshe kwenye simu ukurasa wa daftari la Baba, ule uliochakaa, wenye alama za vidole vya kahawia pembeni. Alisoma mstari kwa mstari, kisha akanipimia gramu hamsini. Nilitoka dukani nikiwaza jinsi unga mmoja unavyoifanya ngozi nyeupe na karatasi nyeusi.

Baba alikuwa na studio Ngamiani, Tanga. Aliifungua kabla sijazaliwa, akaifunga mashine za kusafisha picha za rangi zilipowachukua wateja wake. Wazee wa mtaani bado husema nyeusi ya picha zake ilikuwa nyeusi kweli, si ya kijivukijivu. Akiulizwa sababu, alijibu, "Siri iko kwenye dawa." Dawa hiyo aliikoroga jioni, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo. Ndani walikuwa wawili, yeye na kijana wake wa kazi. Mimi nilibaki nje, nikisikia kijiko kikigonga chupa.

Nilipokuwa na miaka kumi niligonga nikaomba kuingia. Alifungua mlango nusu, akasema, "Hii si kazi yako." Hakueleza kwa nini, kwa hiyo nilijielezea mwenyewe: kijana wa kazi ni mvulana, mimi ni msichana. Jibu hilo nimelibeba miaka ishirini. Nimelitumia katika mabishano chuoni, kazini, hata na wanaume ambao hawakuwa na kosa lolote zaidi ya kufunga mlango.

Mwaka jana Baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, maneno yakapungua. Kaka alipoona sanduku la bati lenye negativu alisema tuzipeleke zikaskaniwe, siku mbili tu zote zitakuwa kwenye kompyuta. Alikuwa sahihi. Ila mimi sikuwa nataka picha peke yake. Nilitaka kuingia kile chumba.

Kanuni ya dawa katika daftari ilikuwa mistari michache. Maji ya moto kiasi, mililita 750. Metoli 3. Salfaiti 45. Haidrokwinoni 12. Magadi 68. Bromaidi 2, ambayo ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu na pembeni kuandikwa 4. Jaza maji ifike lita moja. Ukitumia, sehemu moja ya dawa kwa mbili za maji.

Niliitafuta mtandaoni na nusu saa haikuisha nikawa nimeipata. Ni D-72, kanuni ambayo Kodak waliitoa hadharani miaka mingi kabla Baba hajanunua kamera yake ya kwanza. Nilikaa na simu mkononi nikihisi kama mtu aliyevunja kabati na kukuta mna shuka. Siri ya komeo ilikuwa mali ya kila mtu.

Hata hivyo, kuwa na kanuni si kujua kukoroga. Nilisafiri hadi Tanga, nikaziba dirisha la stoo kwa mablanketi, nikafunga taa nyekundu, nikafuta vumbi kwenye mashine yake ya kukuzia picha. Metoli yake ya zamani ilikuwa bado nyeupe ndani ya chupa ya rangi iliyozibwa vizuri, na salfaiti yake kavu kama chumvi. Mara ya kwanza nilianza kumimina salfaiti yote. Metoli ikakataa kuyeyuka, ikaelea kama unga wa ngano kwenye uji uliokorogwa vibaya. Metoli haipendi maji yenye salfaiti nyingi. Inatangulia yenyewe, ukiweka kwanza chembe tu ya salfaiti ili hewa isiiharibu.

Mara ya pili nilifuata utaratibu, lakini karatasi ilikaa dakika tano kwenye beseni ikatoa kivuli hafifu cha kijivu. Nilitoka nimenuna. Mama alikuwa uani akichambua mchele.

"Magadi umepata wapi?"

"Sokoni."

"Yale ya maharage?"

"Ameandika magadi, Mama."

Hakuinua kichwa. "Ni ya watengeneza sabuni, yale meupe. Ya maharage hayana nguvu. Nilikuwa namnunulia mimi. Mwisho hata kupima nilikuwa nampimia, mikono ilipomharibikia."

Nilisimama pale. Miaka yote nimeamini hakuna mwanamke aliyevuka ule mlango.

Magadi ya sokoni kweli ni mchanganyiko. Kaboneti ya sodiamu imo, lakini imo na baikaboneti, ambayo ni dhaifu, na udongo pia. Dawa inahitaji ukali wa kaboneti ndipo iamke. Metoli huwahi, huleta sura na vivuli vyepesi. Haidrokwinoni huchelewa, lakini ndiyo inayoleta weusi. Zikiwa pamoja hufanya kazi zaidi ya jumla ya kila moja peke yake. Salfaiti huzilinda zisioze kwa hewa. Bromaidi kazi yake ni kuzuia, ili pale ambapo mwanga haukugusa pabaki peupe.

Mara ya tatu nilikuwa na magadi meupe na barafu ya wauza samaki. Maji ya Tanga mchana ule yalikuwa nyuzi 29, na dawa hii inataka 20, kwa hiyo niliweka beseni dogo ndani ya kubwa lenye barafu. Nilianza na bromaidi 2, kama Kodak. Picha ilitoka, lakini sehemu nyeupe zilikuwa na ukungu, maana karatasi yenyewe ilikuwa imezeeka. Nikaongeza hadi 4. Picha ikachelewa kidogo zaidi, halafu nyeupe ikawa nyeupe. Kwa hiyo siri ilikuwepo, gramu mbili tu, alizozipata kwa joto la Tanga na makasha ya karatasi yaliyofika yakiwa yamekwisha muda.

Negativu niliyoichagua ilikuwa ya mlango wa studio. Wamesimama Baba na kijana wa kazi, mikono mbele. Chini ya taa nyekundu zilianza kutokea fremu za mlango, kisha nywele, kisha macho. Mikono ilikuja mwisho kwa sababu ilikuwa na weupe usioelezeka. Nilisogeza uso karibu na beseni. Vidole vya Baba vilikuwa vimefungwa vitambaa. Vya yule kijana pia.

Metoli hula ngozi za baadhi ya watu. Vidole huwasha, hupasuka, hutoa maji, na mwili ukishaikataa hausahau.

Picha ilipokauka nilimpelekea Baba barazani. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaielekeza kwenye mwanga, akaangalia nyeusi kwanza kama fundi yeyote. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaiweka mapajani, akachukua mkono wangu, akavitenganisha vidole kimoja kimoja, akichungulia katikati yake.

"Inawasha?"

"Hapana, Baba. Nimevaa glavu."

Alinyamaza muda mrefu, kama anavyonyamaza sasa akitafuta neno.

"Sisi... hatukuwa nazo."

Ningependa kusema kwamba pale niliondokewa na ule mzigo wa miaka ishirini. Sehemu yake iliondoka. Lakini kama mlango ulifungwa ili mikono yangu ipone, basi mikono ya mtoto wa mtu mwingine ilikuwa ndani, na nadhani Baba alikuwa akiitazama hiyo pale mapajani, si yangu. Nilimuuliza yule kijana yuko wapi siku hizi. Alifungua mdomo, jina likatoka nusu, mengine sikuyashika. Mama anasema alirudi kwao Pangani. Nimetengeneza nakala ya pili ya picha, iko ndani ya bahasha.

Usiku ule, kwenye daftari, chini ya ile 4 nyekundu, niliandika kwa mwandiko wangu: magadi ya sabuni, barafu, glavu.