Ukienda Sigowet na gari jeusi, chunga kitambaa

Msomaji mpendwa, ikiwa hujawahi kufika Sigowet, hebu nikuelekeze. Kutoka Nairobi utasafiri kilomita 260 hivi hadi mji wa Kericho, na kabla hujaingia mjini michai itakuwa imekupokea pande zote mbili za barabara. Ukitoka hapo unashika njia ya magharibi, upande wa Sondu. Mashamba makubwa ya makampuni yanabaki nyuma, na sasa unayaona ya wenyeji: kipande cha michai, kipande cha mahindi, ng'ombe wawili watatu, na kituo cha kuuzia majani ambako watu wamepanga foleni na mizigo yao. Mbele ardhi inateremka kuelekea Soin, kwenye joto na miwa. Tangu uchaguzi wa 2013, Sigowet na Soin ni eneo bunge moja.

Ukisalimiwa "Chamgei", itikia "Chamgei mising", na huenda ukaletewa mursik kabla hujaketi vizuri.

Nchi hii ina mvua ya kutosha, na ndiyo maana chai inastawi. Lakini ukiiacha lami, njia ni ya udongo mwekundu. Mvua ikinyesha ni matope, na jua likiwaka ni vumbi linaloingia hata mahali usipodhania.

Fikiria basi siku za Disemba, watu wanapopanda huku kutoka mijini kuhudhuria koito, ile sherehe ya Wakipsigis ya posa na mahari. Gari la heshima aghalabu huwa jeusi, au la buluu iliyokolea. Linafika Ijumaa usiku limejifunika vumbi kama shuka. Jumamosi alfajiri vijana wa boma, kwa moyo safi kabisa, wanashika matambara makavu na kulipangusa hadi ling'are. Wazee wanasifu, picha zinapigwa. Jumapili jioni, mwenye gari akiwa njiani kurudi, jua la kutua linaipiga boneti kutoka ubavuni. Moyo unamshuka. Rangi yote imejaa vijiduara vyembamba kama utando wa buibui.

Usiilaumu barabara, msomaji. Barabara ilileta vumbi tu. Aliyekwaruza ni kitambaa.

Juu ya rangi ya magari mengi ya siku hizi kuna vanishi isiyo na rangi, na unene wake ni kama nusu ya unywele wa kichwani. Vumbi la njiani lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko vanishi hiyo. Ukipangusa pakavu, unaziburuta chembe hizo juu yake, na kila chembe inachimba mfereji wake. Kingo za mifereji ndizo zinazorudisha mwanga. Gari jeupe nalo hukwaruzika vivyo hivyo, ila weupe huficha weupe. Jeusi halina siri. Na vile viduara si kwamba mkono ulizunguka: mikwaruzo imelala kila upande, lakini jua humulika ile tu inayokaa kulizingira.

Hata mtoto anayeandika jina lake kwa kidole juu ya boneti yenye vumbi anaandika kwa mchanga. Utepe wa harusi unaopigapiga mlangoni njia nzima hufanya kazi iyo hiyo.

Je, kuna dawa? Ipo. Kwanza lioshe gari kivulini, likiwa limepoa. Pitisha ukucha polepole juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, jeraha ni la kina na hilo ni la fundi wa rangi. Usipokwama, tafuta polishi ya kusugulia, ile mafundi huita kompaundi, na uanze na iliyo laini kuliko zote. Ijaribu kwanza mahali padogo kama sinia. Tia kiasi cha punje ya harage kwenye kitambaa laini safi, sugua bila kukandamiza sana, pangusa, kisha mulika kwa tochi kutoka ubavuni. Mkono utapunguza mikwaruzo. Ili iishe, mara nyingi inahitajika mashini, na fundi anayejua kuwa kwenye kona na kingo za bati vanishi huungua upesi.

Lakini sikia hili. Kompaundi haijazi mfereji. Huchonga sehemu iliyouzunguka mpaka pakawa sawa, maana yake kila ukisugua, vanishi inapungua, wala hairudi. Ukisugua baada ya kila sherehe, siku moja utaifikia rangi yenyewe, na hapo gharama ni ya kupaka upya. Siku ya kuliuza gari, mnunuzi mjanja atakuja jua likiwa limeinama. Ukiambiwa upake dizeli au mafuta taa ling'ae, kataa: yatafunika makosa kwa muda tu, kisha yanase vumbi jipya.

Kwa hivyo kinga ni bora kuliko tiba. Mwenye boma hatakasirika ukimwomba, kwa adabu, ndoo mbili za maji. Mimina maji mengi kwanza, mchanga uteremke wenyewe. Ndoo moja iwe ya sabuni, ya pili ya kusuuza kitambaa kila mara kabla hakijarudi kwenye gari. Anza juu, malizia chini. Kitambaa kikianguka, usikiokote ukaendelea nacho. Likishakauka, lipake nta. Wala usiliingize gari mtoni, kwani kuna watu huko chini wanaochota maji hayo ya kunywa.

Na maji yakikosekana kabisa? Liache na vumbi lake. Hakuna aliyenyimwa mke kwa sababu gari lilifika Sigowet likiwa na rangi ya Sigowet.