Masika Isiyofuata Kalenda

Wakulima wengi wa Tanzania na Kenya waliokuwa vijana miaka ya 1970 wanaikumbuka masika kama mvua ya kuaminika. Machi ikiingia shamba limeshalimwa, na aliyechelewa kupanda alionekana mvivu. Leo anayewahi kupanda ndiye anayehatarisha mbegu zake: mvua hunyesha siku chache, mahindi yakachipua, kisha jua likayakausha. Kumbukumbu hiyo si njozi ya wazee. Vipimo vinaonyesha kwamba kuanzia miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa muongo wa 2000 masika ya Afrika Mashariki ilipungua, hasa kwa kuwa ilichelewa kuanza na kuwahi kukatika. Vuli, mvua ya mwishoni mwa mwaka, imekwenda njia yake: imeelekea kuongezeka. Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu hujaa huku, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Desemba 2023 maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yalifunika sehemu za mji wa Katesh, na mwaka mmoja tu nyuma Pembe ya Afrika ilikuwa bado katika ukame wa misimu mitano mfululizo.

Wapo wasemao hayo yote si mapya, na wana hoja. Mvua za mwisho wa 1961 ziliinua Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964, na ukame wa 1973 na 1974 uliilazimu Tanzania kuagiza chakula nje. Wengine huongeza kwamba masika ya 2018, 2020 na 2024 ilikuwa kubwa mno, basi ukavu gani tunaoulalamikia? Lakini hoja hii inahesabu milimita na kusahau siku. Hewa iliyopata joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo inaponyesha humwaga kwa wingi. Na isiponyesha, joto lilelile hunyonya unyevu wa udongo upesi. Wanasayansi walioupima ukame wa 2020 hadi 2022 waligundua kwamba joto hilo liliuzidisha sana, mbali na uhaba wa mvua wenyewe. Jumla ya mwaka inaweza kuwa ileile na gunia likabaki tupu, kwa sababu mahindi hayanywi wastani. Bahari ilitikisa misimu tangu zamani, ni kweli. Sasa inaitikisa ikiwa na joto ambalo babu zetu hawakulijua.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutabiri mvua zitaanza na kukatika lini katika kila kanda. Tarehe hizo zimfikie mkulima kabla hajanunua mbegu, na halmashauri zichimbe mabwawa ya kukinga maji ya vuli, maana ndiyo mvua inayozidi kuja.