Betri ya Leza ya Chama

Katika jioni zetu za nyota, mwalimu anapotaka kuwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza Kilimia, au kuwatenganishia Mshtarii na Zohali, kidole hakimsaidii. Kila mtu anakitazama kutoka mahali pake na kukiona kinaelekea kwingine. Mwali wa kijani wa leza humaliza ubishi huo mara moja. Kwa hiyo betri ya leza yetu ilipochoka, mwali ukawa unafifia baada ya dakika tano, kamati ilinipa dola 40 ninunue betri mbili na chaja.

Kwetu Mombasa betri za tochi tuliziita mawe. Yakilegea yalianikwa juani, na kweli yalipata uhai kidogo, maana joto huchangamsha kemia ya ndani. Nawaomba wanachama wenzangu mazoea hayo tuyaache huko huko. Jiwe la tochi lina volti 1.5 na likiharibika aghalabu huvuja tu. Betri ya lithiamu ina volti 3.7, ikijaa hufika 4.2, na ndani yake mna kimiminika kinachoshika moto. Ikipigwa shoti, au ikichajiwa kupita kiasi, inaweza kuwaka. Wengi wetu tunaishi mabwenini, vyumba juu ya vyumba, na chaja huachwa ukutani usiku kucha. Ndiyo sababu kazi hii ya dola 40 ilinichukua wiki mbili.

Betri inayotakiwa na leza yetu huitwa 18650. Jina hilo ni vipimo tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ukiitafuta madukani utakutana kwanza na zile za bei ya kutupa, zilizoandikwa 9,900 mAh kwa herufi za dhahabu. Namba hiyo ni uongo. Betri za ukubwa huu zinazouzwa na watengenezaji wa kuaminika huishia karibu na 3,500. NCR18650B ya Panasonic, inayosifiwa sana, ina takriban 3,400. Kipimo cha haraka ni mizani ya jikoni. Betri halisi ina gramu 45 hadi 50. Rafiki yangu alinipa moja ya hizo za dhahabu, tukaipima, ikasoma gramu 31. Zimewahi kupasuliwa nyingine kama hizo zikakutwa na kijibetri kidogo ndani, na nafasi iliyobaki imejazwa unga.

Kwa kweli hata 3,400 ni nyingi kuliko tunavyohitaji. Nilipima umeme unaovutwa na leza yetu nikapata kama robo ya ampea. Betri ya 2,600 mAh ingeiwasha karibu saa kumi mfululizo, na hakuna mhadhiri wetu anayezungumza muda huo (sitaji majina). Wingi wa mAh, kwa leza, si jambo la kwanza. La kwanza ni volti.

Hapo ndipo tulipobishana. Mwanachama mmoja aligundua kwamba betri mbili fupi za aina ya 16340 zikifuatana zinaingia vizuri mahali pa 18650 moja, akasema tuzitie ili mwali upate nguvu. Zinaingia kweli. Lakini mbili zikijaa zinatoa volti 8.4 badala ya 4.2. Saketi ya leza isiyotengenezwa kwa volti hizo huungua, na hiyo ndiyo afadhali. Isipoungua, huenda ikatoa mwanga mkali kuliko ulioandikwa kwenye lebo. Hapa Marekani kikomo cha leza ya kuelekezea ni miliwati 5, na hakikuwekwa kwa urembo: kuna jicho la mwanafunzi upande wa pili. Pendekezo lilikufa, ingawa mwenyewe bado analitetea.

Jambo la pili ni ulinzi. Kuna betri tupu, na kuna zenye kisahani kidogo cha saketi kinachokata umeme ikitokea shoti, au betri ikijaa mno au kuisha mno. Kisahani hicho huongeza urefu, mara nyingine hadi milimita 69 au 70, na baadhi ya leza hazifungiki. Nilipima nafasi yetu kwa rula: springi ilikuwa na mchezo wa kutosha. Nikachagua zenye ulinzi. Watu waliounguzwa mapajani na betri za sigara za kielektroniki, mara nyingi walizibeba mfukoni pamoja na funguo au sarafu.

Kulikuwa na chaguo la tatu ambalo nililipenda kwa moyo: betri za lithiamu na fosfeti ya chuma. Haziwaki kwa urahisi, zinadumu miaka mingi, na hazina kobalti. Mwenzetu mmoja kutoka Lubumbashi aliposikia neno kobalti alisema tu, "Hiyo inatoka kwetu." Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, Kolwezi na maeneo ya jirani, na wengine huichimba kwa mikono. Huko watu huongea Kiswahili, kwa hiyo si jambo la mbali kwa chama kama chetu. Niliazima moja nikaijaribu. Volti zake ni 3.2, na leza yetu haikuridhika: mwali ulionekana chumbani, lakini nje haukufika popote. Nikarudi kwenye zenye kobalti, naye alikuwepo nilipoagiza. Hakusema neno. Siku leza hii itakapokufa, ningependa tununue inayokubali volti 3.2.

Kuhusu baridi, tusiilaumu betri kwa kila kitu. Mwali wa kijani katika leza kama yetu hutengenezwa kwa hatua: dayodi hutoa mwanga wa nanomita 808 usioonekana, fuwele moja huugeuza kuwa 1,064, nyingine huufanya 532, ambao ndio kijani. Dayodi ikipoa, mwanga wake huhama kidogo na fuwele haiupokei vizuri. Mwezi Januari leza inaweza kufifia hata kama betri imejaa. Iweke ndani ya koti hadi zamu yake ifike. Na mkirudi ndani, betri ikae kwanza ipate joto la chumba, maana kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 huiharibu kwa ndani bila kuonyesha dalili yoyote.

Betri mbili mpya, za 2,600 mAh, zimo kwenye kisanduku cha plastiki katika kabati la chama, zikiwa zimechajiwa nusu. Chaja iko kwa katibu, na huchomekwa akiwa macho. Zilibaki dola 6. Nimemkabidhi mweka hazina pamoja na risiti.